Mzee ana uvimbe wa aota sm 6.1 jirani na figo: wengine wanasema apasuliwe, wengine awekewe mrija wenye matundu. Wenye uzoefu naomba mawazo

#1 MwanaKongwa (Jumatatu, saa 2:14 usiku)
Wakuu, mbukwenyi. Niende moja kwa moja.

Baba yangu ana miaka 71, mstaafu wa reli, yuko Kongwa analima uwele na alizeti. Wiki iliyopita mkojo ulimsumbua nikamleta Dodoma mjini apimwe tezi dume. Dada aliyekuwa anapitisha kifaa cha altrasaundi tumboni akanyamaza, akarudia, akamwita mwenzake. Kuanzia hapo tezi dume haikuzungumzwa tena. Mshipa mkuu wa damu, aota, umevimba tumboni hadi sentimita 6.1. Tukaambiwa kwa mtu mzima sehemu hiyo huwa kama sentimita 2.

Kipimo cha CT kikathibitisha na kikaongeza neno: uvimbe unaanzia karibu kabisa na inapotoka mishipa ya figo. Daktari wa kwanza akasema apasuliwe tumbo, kipande kibovu kiwekewe bomba la kitambaa. Wa pili akasema kwa umri na presha yake afadhali njia ya kupitisha mrija kwenye paja, ila yeye anahitaji mrija maalumu wenye matundu ya figo, unaotengenezwa nje ya nchi kwa vipimo vyake mwenyewe. Wa tatu, rafiki wa familia, akasema mwacheni mzee ale uwele wake, mbona hana maumivu.

Ukoo umegawanyika. Baba mdogo anasema ni chango na kuna mtu Mpwapwa anakanda. Dada yangu ameshaanza kuulizia India. Mimi ndiye mtoto wa kwanza wa kiume, neno langu linasubiriwa. Swali: hii ya matundu ni tiba kweli kwa uvimbe uliokaa hapo, au tunanunua matumaini?

#2 Shangazi wa Makole
Pole mwanangu. Nianze na moja tu: huyo wa Mpwapwa asiliguse hilo tumbo. Mengine waje wanaojua.

#3 Mtemi wa Bahi
Mkuu usiogope. Jirani yangu aliwekewa stenti, kile kibomba cha wavu wa chuma, Dar, siku ya pili yuko nyumbani anakunywa uji. Kazi ndogo siku hizi.

#4 Fundi Bomba Nkuhungu
Mtemi, jirani yako aliwekewa ya moyo. Ile ni bomba lililoziba linapanuliwa. Hapa bomba halijaziba, limetanuka na ukuta umebaki mwembamba kama puto, sasa ulipanue tena ili iweje? Wanachofanya ni kupitisha bomba jipya ndani ya la zamani, damu ipite ndani ya jipya, ule ukuta mbovu usisukumwe tena. Nilielezwa hivyo na daktari aliyemtibu kaka yangu na kwa kazi yangu nilimwelewa papo hapo. Nikamuuliza, sasa hilo jipya linakamata wapi? Akasema umeuliza swali lenyewe.

#5 Dk Mishipa
Mimi ni daktari wa upasuaji. Sijamwona mgonjwa wala picha zake, kwa hiyo haya ni maelezo tu, si ushauri wa tiba.

Fundi Bomba amepiga penyewe. Mrija huu ni kitambaa cha poliesta au cha aina nyingine chenye mifupa ya chuma. Unapitishwa kwenye mshipa wa paja ukiwa umekunjwa, ukifika unafunguliwa. Ili ukamate bila kuvuja unahitaji kipande kizima cha aota, chini ya mishipa ya figo na juu ya uvimbe. Kipande hicho tunakiita shingo. Mirija ya kawaida inataka shingo ya milimita 10 hadi 15 isiyopinda sana. Baba yako, kwa ulivyoeleza, inaelekea shingo hana au anayo fupi mno.

Ukiuweka mrija wa kawaida chini ya figo, damu itapenya pembeni na kuendelea kuujaza uvimbe. Ukiupandisha hadi kwenye ukuta mzima, umeziba figo zote mbili. Ndipo matundu yanapokuja. Mrija unapandishwa juu, lakini umetobolewa mahali pa mishipa ya figo, mara nyingi na pa mshipa wa utumbo, na kila tundu linapitishiwa stenti ndogo iliyovikwa kitambaa hadi ndani ya mshipa wake, kama mkono wa shati unavyoungwa begani. Kwenye baadhi ya mirija matundu huzungushiwa alama za dhahabu ili yaonekane kwenye eksirei wakati wa kazi. Tundu likikosa mahali pake kwa milimita chache, figo inakosa damu.

Kwa hiyo ndiyo, ni tiba, na imekuwa ikifanyika tangu miaka ya 1990. Kama inamfaa baba yako, hilo linajibiwa na picha zake.

#6 MwanaKongwa
Asante sana daktari, leo ndiyo nimeelewa. Huo mrija ukiagizwa unachukua muda gani? Maana tumeambiwa uvimbe huu unaweza kupasuka wakati wowote.

#7 Dk Mishipa
Wa kushonwa kwa vipimo vya mtu mmoja huchukua wiki kadhaa, mara nyingi 6 hadi 12 tangu picha zitumwe. Huo ndio udhaifu wake mkubwa, kwa sababu wapo wanaopasukiwa wakati mrija uko kiwandani. Ipo mirija iliyo tayari, yenye matawi manne badala ya matundu, kwa uvimbe uliopanda hadi eneo la ini na utumbo. Marekani mmoja wa aina hiyo uliidhinishwa Januari 2024. Lakini hiyo inaziba kipande kirefu cha aota, na kadiri unavyoziba kipande kirefu ndivyo uti wa mgongo unavyoweza kukosa damu, mgonjwa akaamka miguu haina nguvu. Hiyo nayo muulizeni atakayemtibu, msione haya.

#8 Nimeweka Kambi
Nipo hapa. Uzi wa maana.

#9 Binti Kondoa
Mkuu, baba mkwe wangu alifanyiwa hiyo ya matundu India, mawili ya figo na moja la utumbo. Kazi ilichukua zaidi ya saa tano. Siku ya tatu alikuwa anatembea kwenye korido ananung'unika chakula hakina ugali. Hana kovu la maana, vidonda viwili tu kwenye mapaja.

Sasa sikiliza upande wa pili ambao sisi hatukuusikia vizuri kabla. Mwaka wa pili kipimo cha CT kilikuta damu inavuja kwenye maungio ya stenti ya figo ya kushoto, uvimbe umeanza kukua tena. Akarudishwa, akaongezewa stenti nyingine. Kipimo ni mwezi wa kwanza, kisha kila mwaka, maisha yake yote. Kila kipimo ni dawa ya kung'arisha mishipa ambayo figo zake hazikuipenda. Tungejua tungepanga fedha za miaka kumi, sisi tulipanga za safari moja.

#10 Mpakiaji Kibaigwa
Mimi naona chanzo chenyewe ni mizigo. Mzee wa reli, alibeba mataruma na vyuma miaka yote, tumbo limekazwa kila siku. Hapa sokoni Kibaigwa vijana wanabeba gunia la kilo 100 kichwani, mnadhani mshipa utavumilia?

#11 Nesi wa Zamu
Mpakiaji, mizigo itakupa ngiri na mgongo. Kwa aota mtuhumiwa wa kwanza ni sigara, kwa mbali kabisa. Wa pili umri, jinsia ya kiume, presha, na ndugu wa damu mwenye tatizo hilo. @MwanaKongwa mzee alivuta?

#12 MwanaKongwa
Alivuta tangu kijana hadi alipostaafu akiwa na 60. Tangu hapo ni ugoro.

#13 Nesi wa Zamu
Basi. Zaidi ya miaka 40.

#14 Mnyaturu wa Ilongero
Nesi usifunge kesi mapema. Mjomba wangu Singida hakuwahi kuweka sigara mdomoni, muumini wa kanisa lisiloruhusu hata chai ya rangi. Alikutwa na uvimbe wa sm 5 na mdogo wake akakutwa nao pia. Hiyo ni damu ya ukoo.

#15 Mfugaji Manyoni
Nanyi mmesahau maziwa. Huku kwetu tunakunywa mabichi. Mtoto wa kaka yangu, miaka 34, alikutwa na uvimbe wa aota akiwa na homa za jioni na kukonda. Mwisho wa vipimo ikaonekana ni bruselosi. Mtu wa miaka 34! Sigara hajui. Wataalamu walisema vijidudu vinaweza kukaa kwenye ukuta wa mshipa vikautafuna.

#16 Msukuma Jembe
Na kisukari je? Mishipa yote kinaharibu hicho.

#17 Dk Mishipa
Mko sahihi kwa vipande vipande.

Msukuma Jembe: kwa kisukari ni kinyume na tunavyotarajia. Tafiti nyingi zimekuta wenye kisukari wanapata uvimbe huu kwa uchache zaidi na unakua taratibu. Sababu bado inabishaniwa, wengine wanaitaja dawa ya metformini. Msiende kutafuta kisukari kwa ajili hiyo.

Mfugaji: bruselosi ipo kwenye orodha ila ni nadra. Salmonela, kifua kikuu na kaswende navyo vinaweza, na kuna magonjwa ya mishipa yanayowapata vijana. Kwetu Afrika nikiona kijana mwenye uvimbe wa aota, kitu cha kwanza nawaza maambukizi, hasa kama uvimbe una umbo la mfuko uliochomoza upande mmoja. Hili linabadili tiba pia. Kuweka kitambaa kipya mahali penye usaha ni kuwapa vijidudu nyumba, na mrija haung'oki kirahisi.

MwanaKongwa, mzee ana homa? Amekonda? Uvimbe umezunguka mshipa wote au umechomoza?

#18 MwanaKongwa
Hana homa. Kukonda, kidogo, lakini ni tangu mama afariki. Ripoti imeandika umezunguka mshipa wote. Maziwa mabichi amekunywa utoto mzima, sisi ni Wagogo.

#19 Mfamasia Chang'ombe
Naingia kwa jambo moja. Umesema alikuja kwa shida ya mkojo. Alipewa dawa gani?

#20 MwanaKongwa
Alipewa sipro, ile dawa ya kuua bakteria, siku saba, kabla ya kipimo. Imebaki kama siku mbili, anaendelea nayo.

#21 Mfamasia Chang'ombe
Piga simu kesho asubuhi kwa aliyeiandika, mwambie kuhusu uvimbe, aibadilishe. Desemba 2018 mamlaka ya dawa ya Marekani ilitoa onyo kwamba dawa za kundi la sipro zinaweza kuongeza hatari ya aota kuchanika au kupasuka kwa watu wenye uvimbe tayari. Zisitumike kwao kama ipo nyingine inayofaa. Huku kwetu sipro inauzwa kama peremende, kila mkojo unaochoma ni sipro. Usiogope kwamba imemletea uvimbe, sm 6 hazijengwi kwa siku tano. Ila asiongeze.

#22 MwanaKongwa
Nimempigia mzee usiku huu huu. Vidonge amevitoa mfukoni, kaviweka kabatini. Mungu akubariki.

#23 Mzee wa Hombolo
Vijana mbukwenyi. Mnazungumza mrija kana kwamba kisu kimekufa. Mimi nilipasuliwa mwaka wa kumi na mbili sasa, uvimbe sm 6.5, nao ulikuwa umekaribia figo. Kovu langu linaanzia chini ya kifua linapita kitovu. Siku nne chumba cha uangalizi maalumu, wiki mbili wodini, miezi mitatu sikushika jembe. Ndugu kumi na moja walitoa damu. Sikufichi, siku ya tano nilitamani kufa.

Lakini tangu hapo sijarudi kupimwa kila mwaka, sina chuma tumboni, napanda baiskeli kwenda shamba la zabibu. Huyo binti wa Kondoa mkwe wake ameshafanyiwa mara mbili. Mimi mara moja.

#24 Binti Kondoa
Baba, heshima kwako na Mungu akuzidishie. Ila wewe ulikuwa na miaka mingapi? Na presha ulikuwa nayo?

#25 Mzee wa Hombolo
58. Presha sikuwa nayo.

#26 Binti Kondoa
Basi ndiyo hapo baba. Mkwe wangu alikuwa na 74 na moyo uliochoka. Walimwambia wazi kisu hatatoka nacho.

#27 Msoma Majarida
Naomba niweke takwimu. Waingereza walilinganisha njia hizi mbili kwenye utafiti unaoitwa EVAR-1. Waliokufa ndani ya siku 30 upande wa mrija walikuwa chini ya 2 kwa mia, upande wa kupasuliwa zaidi ya 4 kwa mia. Mrija ulishinda. Lakini walipofuatiliwa miaka mingi faida ikayeyuka, na baada ya mwaka wa nane waliowekewa mrija walikuwa wanakufa zaidi kwa sababu ya uvimbe huo huo, mirija ikivuja na uvimbe kupasuka. Mwongozo wa 2020 wa NICE, taasisi ya Uingereza inayotoa miongozo ya tiba, ukasema kwa uvimbe ambao haujapasuka, anayeweza kupasuliwa apasuliwe. Mzee wa Hombolo ana wanasayansi nyuma yake.

#28 Dk Mishipa
Takwimu ni sahihi, ila umeziweka mahali pasipo pake. EVAR-1 ilichukua watu wenye shingo nzuri, mirija ya kawaida. Mgonjwa kama baba wa mleta mada asingeingizwa kwenye utafiti ule. Na kisu pia kwake si kile kile: akipasuliwa, kibano kinawekwa juu ya mishipa ya figo, maana yake figo zinakaa bila damu wakati daktari anashona. Ikizidi nusu saa hivi unaanza kuhesabu gharama. Kwa uvimbe tata kama huu NICE wenyewe walisema mgonjwa aelezwe kuwa haijulikani kwa uhakika kama mrija unaokoa zaidi. Kwa hiyo hakuna mwenye wanasayansi wote nyuma yake.

#29 Msoma Majarida
Nimepokea. Nilikuwa najumlisha.

#30 Mtemi wa Bahi
Nami narudi kwa daktari wa tatu. Kwani lazima? Mbona Einstein yule wa Marekani aliishi nao akafa na kiharusi uzeeni?

#31 Nesi wa Zamu
Mtemi, leo mara ya pili. Einstein alikufa kwa uvimbe huo huo wa aota kupasuka, Aprili 1955, Princeton. Mwaka 1948 daktari Rudolph Nissen alimfungua tumbo akauzungushia selofani, ile karatasi angavu ya kufungia vitu, ili ukuta ukomae. Ilimpa zaidi ya miaka sita. Ulipoanza kuvuja alikataa kupasuliwa tena, akiwa na 76. Nalo ni jibu la heshima, kama mzee mwenyewe ndiye anayelitoa.

#32 Fundi Bomba Nkuhungu
Selofani! Hiyo ni sawa na kuzungushia bomba mpira wa ndani wa baiskeli. Nimefanya sana. Inashika kwa muda.

#33 Mtemi wa Bahi
Nimekubali Nesi. Ila swali langu lipo pale pale, hatari ya kupasuka ni kiasi gani? Maana wanatutisha "wakati wowote".

#34 Dk Mishipa
Jedwali tulilosoma chuoni linasema sm 6 hadi 7 hatari ni 10 hadi 20 kwa mia kwa mwaka. Uchambuzi wa miaka ya karibuni unaleta idadi ndogo kuliko hiyo. Sijui mwenzangu yeyote atakayekupa namba moja kwa moyo mweupe. Kinachokubalika na wengi ni mstari: kwa mwanamume sm 5.5, kwa mwanamke 5.0, hapo ndipo tunaanza kuzungumza tiba. Chini ya hapo, tafiti mbili kubwa, ya Uingereza na ya Marekani, hazikuona faida ya kuwahi kupasua.

#35 Mnyaturu wa Ilongero
Mimi sina namba, nina msiba. Yule mdogo wa mjomba niliyemtaja hapo juu aliamua kuacha. Miezi kumi na minne akawa mzima. Siku moja akashikwa na maumivu ya kiuno upande wa kushoto, jasho la baridi. Alipopelekwa wakasema mawe kwenye figo, akachomwa sindano ya maumivu, akalazwa benchi. Hakuna aliyeuliza habari ya uvimbe, na karatasi zake zilikuwa nyumbani kabatini. Saa nne baadaye tukampoteza. Jina la hospitali silitaji. Nasema tu, MwanaKongwa, ile ripoti ya CT itembee na mzee hata akienda mnadani. Maumivu yoyote ya ghafla ya tumbo, kiuno au mgongo, neno la kwanza kutoka mdomoni kwako liwe "ana uvimbe wa aota".

#36 Shangazi wa Makole
Pole sana mwanangu. Hili ndilo la kuandika ukutani.

#37 MwanaKongwa
Nimelisoma mara tatu. Nimetoa nakala nne za ripoti leo Majengo. Moja nimemwekea kwenye mfuko wa koti, moja anayo baba mdogo.

#38 Zuhura wa Area D
Jamani hii kazi haifanyiki hapa nyumbani? Hospitali ya Benjamin Mkapa wanapandikiza figo tangu 2018, washindwe mrija?

#39 Dk Mishipa
Kupandikiza figo ni jambo kubwa na linatusaidia hata hapa, maana figo zikileta shida baadaye mabingwa wapo karibu. Lakini kathlabu ya moyo, chumba cha kupitishia mirija kwenye mishipa, peke yake haitoshi kwa kazi ya matundu. Inatakiwa picha kali zaidi, chumba ambacho mambo yakiharibika mnafungua tumbo hapo hapo bila kumhamisha mgonjwa, stoo ya stenti za kila saizi, na timu iliyofanya nyingi. Kinachoweza kuanzia hapa ni tathmini: moyo, mapafu, figo, na picha nzuri za CT za vipande vyembamba. Kisha apelekwe kwa wenzetu wa Taasisi ya Moyo ya Jakaya Kikwete, Dar, wakae na wapasuaji wa mishipa kama jopo. Rufaa ya nje ianzie huko, isianzie kwa dalali wa simu. Na bima waulizwe kwa maandishi, kwa sababu mrija wenyewe ndio unaokula fedha kuliko mikono ya daktari.

#40 Kijana wa UDOM
Nilisoma kwamba mrija huu Wamarekani ndio waliubuni.

#41 Msoma Majarida
Hapana. Juan Parodi, Buenos Aires, Argentina, Septemba 1990, ndiye wa kwanza kwa uvimbe wa tumboni. Na kabla yake, 1987, Nikolay Volodos huko Kharkiv, Ukraine, aliweka wa kwake kwenye aota ya kifuani, ila wakati ule habari hazikutoka nje kirahisi. Yale ya matundu yalipata umaarufu kwa kazi ya madaktari wa Perth, Australia. Nalitaja kwa sababu hakuna hata mmoja wa miji hiyo uliokuwa ukitajwa kama makao makuu ya dunia ya tiba. Dodoma nayo siku moja.

#42 Zuhura wa Area D
Amina.

#43 Binti Kondoa
Dk, wakati wa baba mkwe kuna daktari alipendekeza kitu alichokiita bomba la moshi. Stenti za figo zinapita pembeni ya mrija kwenda juu, halafu hakuna kusubiri kiwanda. Mbona hujalitaja?

#44 Dk Mishipa
Nilikuwa nakwepa kurefusha. Ipo, ina faida hiyo uliyosema, kwa dharura ni mkombozi. Tatizo ni mifereji: weka vijiti viwili kati ya chupa na kizibo uone kama maji hayatapenya. Wapo pia wanaochukua mrija wa kawaida, wanautoboa wenyewe kwa kuuchoma pale pale mezani kabla ya kuuingiza. Mikono mizuri inapata matokeo mazuri. Mimi binafsi, kwa mgonjwa anayeweza kusubiri, napendelea wa kiwandani. Kuna mwenzangu ninayemheshimu sana anapinga hilo kwa nguvu, anasema kusubiri kwenyewe ndiyo hatari.

#45 Fundi Bomba Nkuhungu
Nami kwa kazi yangu nampinga huyo mwenzako. Pengo kati ya bomba na bomba hulizibi kwa dua.

#46 MwanaKongwa (Alhamisi, saa 3:40 usiku)
Wakuu, nimerudi na habari. CT imerudiwa kwa vipande vyembamba kama alivyosema Dk. Shingo ni milimita 4. Mshipa wa nyonga ya kushoto ni mwembamba na una chokaa nyingi, wa kulia uko vizuri. Figo zinafanya kazi ila nguvu yake imepungua kidogo. Moyo umepimwa leo, wamesema wa wastani.

Tulikaa kikao cha ukoo jana. Baba mdogo ameacha habari ya Mpwapwa, nadhani nakala ya ripoti mfukoni ndiyo iliyomgusa. Dada bado anasema India. Mimi nilitaka kusema neno langu, mzee akanizuia. Akasema: "Nyinyi mnaongea juu ya tumbo langu kama mimi nimeshatoka chumbani." Anataka amsikie yeye mwenyewe wa kisu na wa mrija, wote wawili, siku moja, ndipo aseme. Tumepata nafasi Jumanne, Dar.

#47 Dk Mishipa
Milimita 4 inaondoa mrija wa kawaida. Yanabaki matundu au kisu. Na nyonga ya kushoto iulizwe mapema, maana vifaa vya kupitishia ni vinene, milimita 6 au 7, vikilazimishwa kwenye mshipa wenye chokaa unachanika. Mzee amesema jambo la akili kuliko sisi wote.

#48 Mzee wa Hombolo
Mwambie mstaafu mwenzangu nampa namba yangu, nitafute hapo pembeni. Nitamweleza siku ya tano ilivyokuwa, bila kumficha. Halafu binti wa Kondoa naye amweleze habari ya kuvuja.

#49 Binti Kondoa
Niko tayari baba.

#50 MwanaKongwa
Asanteni sana. Swali la mwisho la safari: basi au treni? Barabara ina matuta mengi. Na mzee anaitaka SGR kwa sababu zake, alifanya kazi stesheni ya Gulwe miaka tisa, anataka kuona reli mpya ilivyopita upande ule.

#51 Nesi wa Zamu
Treni. Chini ya saa nne uko Dar, choo kipo, anaweza kusimama na kunyoosha miguu. Presha ipimwe asubuhi kabla ya kutoka, dawa anywe kama kawaida, begi asibebe yeye.

#52 Reli ya Kati
Kama ni mtu wa Gulwe basi akiingia mahandaki ya Kilosa atakuwa na ya kusimulia. Sisi tuliofanya kazi reli ya zamani tunajua mto wa upande ule ulivyokuwa unakula tuta la reli kila masika. Mchagulieni kiti cha dirishani.

#53 Fundi Bomba Nkuhungu
CD ya picha iwe mkononi, isiwe kwenye begi la juu. Kaka yangu ilivunjika, tukarudia kipimo na dawa ya kung'arisha mara ya pili ndani ya wiki mbili.

#54 Mpakiaji Kibaigwa (Jumamosi, saa 5:10 asubuhi)
Wakuu, samahani kuuingilia uzi wa mwenzangu. Nilibisha sana hapo juu kuhusu mizigo. Nilivyosoma habari ya sigara usiku ule sikulala. Leo nimempeleka baba yangu altrasaundi, ana 68, amevuta tangu enzi za Operesheni Vijiji. Wameandika aota sm 3.4. Dk, hiyo inamaanisha nini?

#55 Dk Mishipa
Kuanzia sm 3 tunaita anurizimu, kwa hiyo anao, mdogo. Haupasuliwi na hauwekewi mrija. Presha idhibitiwe, sipro na ndugu zake ziepukwe, na kipimo kirudiwe: Uingereza kwa ukubwa huo ni kila mwaka, miongozo mingine inasema hata miaka mitatu. Mimi ningefanya wa mwaka kwa mara ya kwanza, nione kasi yake. Sigara iishe leo. Hapo sina mjadala.

#56 Mpakiaji Kibaigwa
Nimemsomea. Amenyamaza muda mrefu, kisha akamwita mama akamkabidhi pakiti. Zilikuwa zimebaki tano.